Amechinja Nani?

Rehema mwanangu,

Afya yako sikuulizi. Mchana huu umekula ugali wa uwele na mlenda ukaongeza na mwingine, na mimi ndiye niliyesusa nikanyanyuka. Tangu hapo umejifungia chumbani unapanga nguo na kujifanya huna habari na mimi. Mimi nimekaa jikoni na kalamu, najifanya sina habari na wewe. Tunafanana mpaka inakera.

Asubuhi bodaboda itakuja kukupeleka stendi, na mdomo wangu naujua. Nikikusindikiza getini nitaishia kukuambia funga begi vizuri, basi. Mambo ya sweta, ya kutokunywa maji usiyoyajua, ya kunipigia ukifika, nimekuimbia tangu ulipoanza sekondari na sina wimbo mpya. Nataka kukuandikia kuhusu ile picha.

Ulisema mkuu wako mpya amepiga simu kutoka ofisi ya habari ya kanisa. Anataka uende na picha mpya ya mimi na Mzee Hamisi tukila kwenye sinia moja, kufuatia ile ya zamani niliyoipiga mimi, ili ndiyo iwe kazi yako ya kwanza. Kanisa letu la Kipresbiteri linajiandaa kukutana na masheikh na maaskofu wa makanisa mengine, na wanataka kuonyesha jinsi tunavyoishi vizuri huku Singida. Ukaniambia, "Mama, ni picha tu. Tunakaa kidogo, tunapiga, tumemaliza. Mzee Hamisi hawezi kukukatalia wewe."

Kama ungekuwa hujui kilichotokea ningekucheka tu, nikakuelezea. Lakini unajua, Rehema. Kijiji kizima kinajua. Umejua, halafu ukaniomba hivyo hivyo huku unachovya tonge. Ndiyo maana niliondoka. Nilijiona mimi mwenyewe nimekaa upande wa pili wa meza, kijana, nikiwa na simu mkononi, na sikupenda nilichokiona.

Wewe ulikuwa chuoni siku tuliyomzika Bibi, mama yake baba yako. Ulifika kesho yake, ukayasikia mambo vipande vipande kwa watu. Nataka uyasikie kwangu, kwa mpangilio, kwa sababu kazi unayokwenda kufanya ni ile ile niliyokuwa naifanya mimi bila mshahara.

Unakumbuka kanisani, matangazo yakiisha, nilikuwa nasimama kutoa habari za majirani? Mtoto wa nani kazaliwa kwa Waislamu, padri mpya wa Wakatoliki anatokea wapi, kwaya ya Walutheri inahitaji sauti za kiume. Watu walinitania wakaniita Redio. Nilipenda. Sisi Wapresbiteri hapa ni wachache, nyumba mbili zikisafiri kwaya inabaki na sauti ya kwanza peke yake. Hatuwezi kuishi bila wenzetu. Ukifiwa, viti unaazima kwa Walutheri, turubai kwa Wakatoliki, spika kwa Wapentekoste ambao huitoa huku wakinung'unika. Kaburi wanachimba vijana wa msikitini pamoja na wa kwetu. Na mnyama anachinja Mwislamu. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Ni kwamba akichinja Mwislamu kijiji kizima kinakula, na akichinja Mkristo nusu ya waliokuja kulia na wewe wanarudi kwao na njaa. Kwa boma hili mchinjaji alikuwa Mzee Hamisi, tangu kabla mimi sijaolewa hapa. Mbuzi wa ubatizo wako alichinja yeye, akakulaumu kwamba unalia kuliko mbuzi.

Siku ya msiba wa Bibi, Mzee Hamisi alikuwa Ilongero, naye amefiwa na dada yake. Alituma ujumbe kwamba anarudi asubuhi kuja kuchinja. Mvua ikanyesha, korongo likajaa, bodaboda zikashindwa kupita. Sisi tukabaki na ng'ombe amefungwa kwenye mti, moto umewaka, maji yanachemka. Wageni wetu, viongozi wa kanisa kutoka presbiteri, walikuwa wamekuja na gari na walitaka kurudi Dodoma mapema. Walikuja kuzika, ndiyo, lakini walikuja pia kuona, maana habari zangu za majirani zilikuwa zimefika mpaka kwao.

Mwinjilisti wetu wa wakati ule, yule kijana mwenye sauti kubwa, akaja jikoni akaniambia, "Mama mzee wa kanisa, tunangoja nini? Sisi tumewekwa huru. Ni lazima mtu wa dini nyingine aturuhusu kula ng'ombe wetu?"

Kwa imani yetu hakusema uongo. Ndiyo ubaya wake. Nikamwambia, "Kuna vijana wengine wa Kiislamu hapo nje, muite mmoja." Akasema, "Wapo makaburini, wanachimba." Ningeweza kumtuma mtu makaburini, si mbali, wewe mwenyewe unakimbia huko na kurudi chai haijapoa. Sikutuma. Niligeukia sufuria la wali nikaanza kukoroga wali ambao haukuhitaji kukorogwa, na nyuma ya banda nikasikia ng'ombe anaanguka.

Watu walirudi kutoka makaburini wakanawa wakakaa. Waislamu wakala, kwa sababu nyumba hii walikuwa hawana haja ya kuuliza. Halafu Mzee Hamisi akafika, kwa miguu, matope mpaka magotini, amezika dada yake jana na hajala. Wakampisha kwenye sinia la wageni, pembeni ya mchungaji wa Walutheri. Nilimpelekea maji ya kunawa mimi mwenyewe. Akanitazama.

"Mama Rehema, amechinja nani?"

"Kula mzee wangu, umechoka. Ya nyumba hii si unayajua?"

Sikusema uongo, unaona? Nilipanga maneno vizuri kama mtu anayepanga nyanya, nzuri juu. Akasema bismillahi akapeleka mkono. Na mgeni wetu mmoja akaniambia, "Mama, tupige picha, hii ndiyo habari." Nikatoa simu nikapiga. Ukiitazama ile picha, mkono wa Mzee Hamisi uko mdomoni.

Nikaituma usiku ule ule na maneno yangu chini yake: "Hapa kwetu hatuulizani dini kwenye sinia." Ikatoka kwenye jarida la kanisa, ikasambaa kwenye magrupu, watu wa mbali wakanipigia kunipongeza. Mimi nikaisoma kanisani kwa sauti, nikairudia kwa ajili ya waliochelewa. Moyoni nilijua. Lakini kila mtu aliyeisifu alikuwa ananisaidia kusahau, na nilikuwa nimekaribia kabisa.

Mwinjilisti ndiye aliyetoa siri, na wala hakujua kwamba ni siri. Alipewa kipaza sauti kwenye mkutano wa hadhara Iguguno, siku ya mnada, akasimulia kama ushuhuda: tuliwalisha kwa mkono wetu, wakala, wakashiba, hakuna aliyedhurika. Kabla hajateremka jukwaani ile picha ilikuwa kwenye simu za vijana wa msikitini, na mkono wa Mzee Hamisi mdomoni.

Hakuna aliyetupiga, Rehema. Ningependa wangetupiga. Bi Mwanaidi, mke wake, ndiye aliyekuja kuniambia, kasimama mlangoni hataki kukaa. Alisema mzee amekwenda nyuma ya nyumba akaingiza vidole kooni, anajitapisha. Na siku zilikuwa zimepita nyingi, hapakuwa na kitu cha kutoka. "Anatapika mate," alisema. "Nimemwambia Mungu anajua hukujua, hasikii." Halafu akaondoka. Nilikaa chini pale pale mlangoni nikajisikia mchafu, na uchafu ule nimekuwa nao mpaka leo ninapoandika.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilipiga magoti, mimi mzee wa kanisa, mbele ya wajukuu zake. Akaniinua haraka, aliona aibu kuliko mimi. Akasema, "Mama Rehema, kusamehe nimesamehe. Kula siwezi."

Nilidhani yatapita. Nilikuwa nimezoea kwamba ukishasamehewa mambo yanarudi yalivyokuwa, maana ndivyo tunavyohubiriana kila Jumapili. Hayakurudi. Mchungaji wa Walutheri akaja hapa, hakuwa na hasira, alikuwa na uchovu tu. Akaniambia siku hizi hata kwake Waislamu wanauliza, na hata wakijibiwa vizuri wanaaga mapema. Wakatoliki vile vile. Sisi tulio wachache kuliko wote tuliwaharibia wote. Sasa unaona mwenyewe ilivyo: harusi ikiwepo, turubai mbili, majiko mawili, wachinjaji wawili, na katikati watoto wanaokimbia huku na huku mpaka wanaitwa.

Baba yako alipofariki uliona kwa macho yako, lakini ulikuwa unalia na sijui uliona nini. Walikuja wote. Mzee Hamisi alikuwa wa kwanza kushika jembe, kwa umri ule. Walichimba, walibeba, walisimama mpaka udongo ukaisha. Kila mmoja alikuja na chupa yake ya maji. Walipomaliza walinipa mkono mmoja mmoja wakasema pole Mama Rehema, pole sana, wakaondoka. Nilibaki na masufuria yamejaa na viti vitupu vya Walutheri. Nilimzika mume wangu siku ile, na katikati ya kumlilia nikawa naona aibu ya wali unaopoa. Hilo sijawahi kumsamehe yeyote, na wa kulaumiwa ni mimi.

Niliwahi kupiga simu ofisini kwenu, Rehema. Ndiyo, ofisi hiyo hiyo unayokwenda. Niliwaambia habari ile waiondoe, au waandike nyingine waseme ilivyokuwa. Kijana mmoja mpole akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, hiyo habari imewatia moyo watu wengi sana. Tukiivuruga sasa tutawasaidia nani?" Jibu nimelipata baadaye, nikiwa napepeta alizeti, lakini simu ilikuwa imeshakatika muda mrefu.

Watu husema mimi nilifanya vile kwa kuwadharau Waislamu. Hapana. Ningekuwa nawadharau ningemjibu Mzee Hamisi kwa ukali, amechinja mwinjilisti, kula usile shauri yako. Angeondoka na njaa na heshima yake. Nilifanya vile kwa sababu nilikuwa nimeshaitengeneza habari nzuri kichwani, na yeye alikuwa anataka kuiharibu kwa swali lake. Nilipenda kutangaza kwamba tunaishi pamoja kuliko nilivyompenda yule niliyekuwa naishi naye. Ndipo hapo nilipopotea, na mchana huu nilikuona umesimama hapo hapo.

Najua ulivyoitafuta hii kazi. Umemaliza chuo ukarudi kuanika alizeti na mimi, na kila wenzako walipopata ajira ulikuwa unazima simu. Najua pia walikuchukua kwa sababu ya ile picha. Wewe ni binti wa kijiji cha sinia moja. Ukiwaambia kwamba sinia lenyewe lilikuwa hivi, huenda wakakutazama vibaya, huenda wakakutafutia sababu ukarudi hapa kabla ya mavuno. Naliogopa hilo. Ninaloogopa zaidi ni kwamba hawatakurudisha. Utawapelekea wanachotaka, watakupenda kama walivyonipenda mimi, na utakuwa unapita misikitini na makanisani na kamera unatafuta mikono iliyoko mdomoni.

Sikukatazi kazi. Kazi yenyewe ni nzuri, na mtu wa kuifanya vizuri anahitajika. Ila ukifika mahali wakakuambia hapa tunapendana, usitoe simu kwanza. Kaa. Kula kama watakupa, nyamaza, utazame nani hali na nani anaondoka mapema. Utaandika habari chache kuliko wenzako, na mkuu wako atalalamika. Mwache alalamike.

Sasa nikuambie nilikokwenda nilipoondoka mezani, maana najua ulichungulia dirishani.

Nilikwenda kwa Mzee Hamisi. Nilikuwa nimekukasirikia na bado nilikwenda kukuombea picha yako, ndivyo mama alivyo mjinga. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka anapukuchua alizeti. Nikaamkia, akaitikia marahaba. Hakunikaribisha kigoda, mimi mwenyewe nikakivuta.

"Mtoto anaondoka kesho?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Anakwenda kufanya kazi gani hasa? Hapa wanasema ya picha."

Kijiji hiki, Rehema! Sijui ulimwambia nani. Nikamweleza kwamba utaandika habari za jinsi watu wa dini mbalimbali wanavyoishi. Akaendelea kupukuchua. Nikajua ameshalisikia ombi lenyewe, nikashindwa kulitamka. Akanitamkia yeye.

"Mama Rehema, ile ya kwanza nilipigwa sijui. Hii ya pili mnataka nipigwe najua."

Nililia. Nilikuwa sijalia mbele yake hata siku ya magoti. Bi Mwanaidi alitoka ndani akaniona, akarudi ndani. Mzee akaniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akauliza kana kwamba hatukuwa tunazungumza jambo lingine, "Njiani atakula nini?"

Nikamwambia nilipanga kukuchinjia yule jogoo mwekundu.

"Mlete," akasema.

Nilirudi mbio kumkamata, ndiyo zile kelele ulizosikia uani. Nikampeleka. Mzee alikwenda akatia udhu, akachukua kisu chake, akaelekea kibla, akachinja. Alikuwa hajachinja chochote cha nyumba hii tangu Bibi afariki. Nikajisahau kwa furaha. Nikamwambia nitampika sasa hivi, jioni aje, aje na Bi Mwanaidi, tule na mtoto kabla hajaondoka.

Akaosha kisu. Akakifuta taratibu. "Hii nimefanya kwa ajili ya mtoto, Mama Rehema," akasema. "Sio kwa ajili yetu sisi."

Kwa hiyo picha hakuna, mwanangu. Kesho kutwa ukiingia ofisini waambie mama amekataa na mzee amekataa. Wakikuuliza kwa nini, waeleze yote, na jina langu ulitaje. Usiseme mama mmoja wa kijijini. Sema mama yangu. La Mzee Hamisi usiliandike popote, yeye hajawahi kuomba kuwa habari ya mtu.

Jogoo nimemkaanga, yupo kwenye hotpoti ndogo hapa jikoni, asubuhi iweke juu ya nguo zako. Ukikaa na Mwislamu kwenye basi, mkaribishe bila wasiwasi, na akikuuliza amechinja nani, una jibu. Hapa kwetu, wewe unajua, shingo ni haki ya aliyechinja, awe ng'ombe awe kuku. Nilipotoa nyama jikoni niliiweka shingo kwenye bakuli, ikiwa bado ya moto, nikaipeleka kwa Mzee Hamisi mwenyewe. Bi Mwanaidi alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, nikarudi nyumbani ninaimba.

Bi Mwanaidi ameirudisha sasa hivi tu. Imefunikwa vizuri, haijaguswa. Amesema mzee anakusalimu, ule yote.

Nimeirudisha kwenye hotpoti. Utaikuta chini kabisa.

Mama yako